Jina daftarini si mali ya mwenye daftari

Mwezi uliopita, mwendo wa saa nne asubuhi, nilipigiwa simu na kijana nisiyemjua. Hakunisalimu. Aliniuliza kama namjua fundi mmoja wa kike anayeshona nguo mtaani kwetu. Nikamjibu kwamba namjua. "Basi mwambie alipe deni letu la shilingi 4,200," akasema. "Na mwambie kila mtu aliyemo katika simu yake tutampigia mpaka alipe." Kisha akakata.

Nilibaki na simu mkononi nikiona haya, ingawa deni halikuwa langu. Nilikuwa nimeambiwa siri ya mtu bila ya kuiomba, tena na mtu ambaye haikuwa yake kuitoa.

Jioni nilipita kibandani kwa yule fundi. Sitalitaja jina lake, kwa sababu ni lake. Aliniambia kwamba alikopa shilingi 3,000 kwa programu ya simu, anunue kitambaa cha sare kabla ya shule kufunguliwa. Programu ilimtaka aruhusu isome majina na nambari zote zilizomo katika simu yake. Akabonyeza "kubali", kwa kuwa bila ya kubonyeza hapo mkopo hautoki. Mteja mmoja akamchelewesha malipo, naye akachelewa siku tano. Kabla ya kunipigia mimi walikuwa wamekwisha kumpigia mjombake, wateja wake kadhaa, na mwalimu mkuu wa shule iliyokuwa ikimpa kazi ya sare. Mwalimu mkuu hakumgombeza. Alimpa fundi mwingine ile kazi, basi.

"Deni nitalilipa, mzee," aliniambia huku akikunja kitambaa. "Lakini ile kazi ya sare nitairudisha kwa nani?"

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, nikaanza kuandika hotuba kali ya kuwalaani wakopeshaji. Mke wangu alinisikiliza nikisoma mistari ya kwanza, akaniuliza kwa upole: "Bwana, na lile daftari la chama ulilompa yule wakala wa bima?"

Nikaweka kalamu chini. Mimi ni katibu wa chama chetu cha kusaidiana katika mazishi na harusi. Daftari langu lina majina ya wanachama, nambari zao za simu, nambari za vitambulisho na majina ya wazazi na watoto wao. Mwaka juzi alikuja wakala wa bima, kijana mwenye adabu, akaniomba nambari za wanachama ili awaeleze habari njema za bima ya mazishi. Nikampa. Sikuchukua hata shilingi moja, na niliamini nawafanyia watu wema. Wanachama walipigiwa simu kwa miezi mitatu, na hakuna aliyejua ni nani aliyewatoa.

Kwa hiyo juma hili sizungumzi kama hakimu. Nazungumza kama mmoja wa washitakiwa. Nataka tutazame sheria ya faragha, yaani haki ya mtu kuamua nani ajue habari zake na kwa kazi gani. Hapa Kenya sheria hii bado ni changa, lakini imekwisha kufika mahakamani, shuleni, katika kumbi za starehe na katika maduka, nayo inawagusa hata makatibu wa vyama vya mtaani.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Mimi nimelelewa Mombasa, katika nyumba ambayo mgeni haingii bila ya kupiga hodi. Bibi yangu alitufundisha kwamba hodi ni mara tatu. Usipoitikiwa, rudi ulikotoka, hata kama mlango uko wazi na unasikia watu wakizungumza ndani. Na ukishakaribishwa, hukukaribishwa kila mahali. Aliyeitwa barazani huishia barazani. Aliyeingizwa ukumbini kwa kahawa hapandi ghorofani kutazama vitanda. Karibu ya mwenye nyumba ina mpaka wake, na mtu mwenye adabu huujua bila ya kuandikiwa.

Nawaomba mkumbuke mambo hayo mawili, hodi na mpaka wa karibu, kwa sababu sehemu kubwa ya sheria nitakayoieleza ni hayo hayo katika lugha ya mawakili.

Wataalamu wa sheria hupenda kuanzia Marekani mwaka 1890, wakati mawakili wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, walipoandika makala wakidai kwamba mtu ana haki ya kuachwa na yake. Kilichowaudhi ni magazeti ya umbeya na kamera mpya zilizoweza kumpiga mtu picha bila ya yeye kujipanga. Baadaye zikaja mashine za kompyuta, na mwaka 1970 jimbo la Hessen huko Ujerumani likatunga sheria ya kwanza duniani ya kulinda taarifa za watu zinazowekwa katika mashine hizo. Ulaya nzima ikafika kwenye kanuni yake kubwa iliyoanza kutumika Mei 2018. Sheria yetu imeazima mengi kutoka huko.

Katiba yetu ya zamani ilipozungumzia faragha ilitazama zaidi upekuzi wa mwili na kuingia katika nyumba ya mtu. Katiba ya mwaka 2010 ilikwenda mbali zaidi. Kifungu cha 31 kinasema kila mtu ana haki ya faragha: asipekuliwe mwili, nyumba wala mali yake, asinyang'anywe vitu vyake, asitakiwe kutoa habari za jamaa yake au za mambo yake ya ndani pasipo haja, wala zisifichuliwe, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Hayo maneno "pasipo haja" ndiyo yenye uzito. Katiba haisemi watu wasiulizwe chochote. Inasema anayeuliza awe na haja ya kweli.

Lakini haki iliyoandikwa katika Katiba huhitaji sheria ya kuitembeza. Ilitubidi kungoja hadi tarehe 8 Novemba 2019, Rais alipotia sahihi Sheria ya Ulinzi wa Data. Mwaka uliofuata, mwezi huo huo wa Novemba, Bi Immaculate Kassait akashika kazi ya kuwa Kamishna wa kwanza wa Ulinzi wa Data.

Sheria hiyo yasemaje? Kwanza, anayechukua taarifa zako lazima awe na sababu inayokubalika kisheria. Idhini yako ni sababu moja, lakini si ya pekee. Mwajiri hahitaji kukubembeleza ili akukate kodi, kwa kuwa sheria yenyewe inamwamuru. Hospitali haingoji sahihi ya mgonjwa aliyezimia. Lakini pale anapotegemea idhini, sheria inataka idhini hiyo iwe wazi, iwe ya hiari, iwe ya jambo maalumu, na mtoaji awe ameelezwa anachokubali. Na kazi ya kuthibitisha kwamba idhini ilitolewa ni ya anayeshika taarifa, si yako wewe mlalamikaji.

Pili, taarifa iliyotolewa kwa kazi moja isihamishiwe kazi nyingine isiyopatana nayo. Huo ndio ule mpaka wa karibu. Tatu, zichukuliwe zile zinazohitajika tu. Nne, zikishatimiza kazi yake zisiwekwe milele. Tano, zilindwe, na zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna aarifiwe katika muda wa saa 72. Nawe mwenye taarifa una haki ya kuambiwa zinatumiwa vipi, kuziona, kuzisahihisha zikiwa na kosa, kupinga zisitumiwe, na kuomba zifutwe zikiwa za uongo au hazina kazi tena.

Sasa turudi kwa fundi wetu. Mkopeshaji atasema: alibonyeza "kubali". Sheria inauliza: alikuwa na hiari gani, ikiwa bila ya kubonyeza hapati mkopo, na orodha ya marafiki zake haihitajiki katika kuhesabu shilingi 3,000 na riba yake? Tena kuna swali la pili ambalo wengi hawalioni. Hata tukisema yeye alikubali, mimi nilikubali lini? Mwalimu mkuu alikubali lini? Nambari yangu ni yangu hata ikiwa imeandikwa katika simu ya mwingine. Fundi hawezi kuniuza mimi kwa niaba yangu, kama vile mimi sikuweza kuwatoa wanachama wangu kwa wakala wa bima.

Benki Kuu nayo, katika kanuni zake za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa simu, iliwakataza kuwapigia jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha, na kutumia vitisho au matusi. Kwa hiyo aliyenipigia mimi alikuwa akivunja amri iliyo wazi, si adabu peke yake.

Wengine watasema sheria za kwetu huandikwa zikalazwa kabatini. Hii haikulala. Septemba 2023 Kamishna alitangaza faini tatu kwa siku moja, na kila moja ina funzo lake. Kampuni moja ya mikopo ya simu ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari ilizozipata kwa watu wengine, na kuwatumia watu ujumbe na simu za vitisho. Ukumbi mmoja wa starehe jijini Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja wake katika mitandao bila ya idhini yake. Na shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya ruhusa ya wazazi.

Tazameni ile ya shule. Ni kubwa kuliko zote tatu, na pengine ndiyo iliyowashangaza watu zaidi. Mwalimu anayepiga picha watoto wakicheza ngoma siku ya wazazi hana nia mbaya. Lakini picha ile inapogeuzwa tangazo la kuvutia karo, kazi yake imebadilika. Mzazi alimleta mtoto shuleni asome, hakumleta awe bango. Na mtoto mwenyewe hawezi kutoa idhini. Sheria inamtaka mzazi au mlezi.

Hapa lazima niseme udhaifu mmoja wa sheria yetu. Faini ya Kamishna haiwezi kupita shilingi milioni tano, au asilimia moja ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, na inachukuliwa iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Maana yake ni kwamba duka la kadiri linaweza kuumizwa, lakini kampuni inayoingiza mabilioni haitozwi zaidi ya milioni tano kwa faini moja. Kwa mkubwa hiyo ni gharama ya biashara tu. Wabunge wanaosikiliza wanaweza kulitafakari hilo.

Mahakama nazo hazikukaa kimya. Kesi zimekuja moja baada ya nyingine, na kila moja imekuta swali jipya.

Mwaka 2019, Serikali iliandikisha wananchi kwa ajili ya Huduma Namba, hata kabla Sheria ya Ulinzi wa Data haijapitishwa. Kesi ikapelekwa Mahakama Kuu, na tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wakaamua kwamba mpango unaweza kuendelea, lakini kwanza pawe na kanuni kamili za kuuongoza. Na kwamba kuchukua chembechembe za nasaba za watu, na kutumia mitambo ya kuonyesha mahali walipo, hakupatani na Katiba. Swali la siku hiyo lilikuwa: je, Serikali inaweza kukusanya kabla ya kuweka ulinzi?

Swali la pili likaja upesi. Sheria ilipokwisha kupita, kadi zilianza kutolewa Novemba 2020. Wakili wa Serikali akasema taarifa zilichukuliwa kabla ya sheria, kwa hiyo sheria haizihusu. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah alilikataa jibu hilo. Alisema sheria ile inatekeleza haki iliyokuwapo katika Katiba tangu 2010, kwa hiyo inafika hata kwa taarifa zilizotangulia. Akabatilisha hatua ya kutoa kadi, na kuagiza kwanza ifanywe tathmini ya madhara yanayoweza kuwapata watu. Wafanyabiashara wenye makabati ya kumbukumbu za miaka ya nyuma na waisikie hukumu hiyo: huwezi kujitetea kwa kusema daftari ni la zamani.

Swali la tatu lilihusu pesa. Mtakumbuka Julai 2023, foleni ndefu za vijana katika jumba la KICC, Nairobi. Kampuni ya Worldcoin ilikuwa ikipiga picha za mboni za macho kwa mtambo wa mviringo kama mpira, na aliyekubali alipewa sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya shilingi elfu saba hivi. Serikali ilisimamisha zoezi hilo mapema Agosti. Kesi ikaenda Mahakama Kuu, na tarehe 5 Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili akaamuru taarifa zile za miili ya watu zifutwe kabisa katika muda wa siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna. Sababu zake zilikuwa mbili kuu: tathmini ya madhara haikufanywa ipasavyo, na idhini ilipatikana kwa kushawishi watu kwa malipo.

Nilimsikia kijana mmoja ndani ya matatu akilalamikia hukumu hiyo. "Jicho ni langu," alisema, "na njaa ni yangu. Jaji anaingilia biashara yangu kwa nini?" Si hoja ya kupuuzwa. Mtu mzima huuza jasho lake, kwa nini asiuze picha ya jicho lake? Nami nilimjibu hivi: nenosiri likiibwa utalibadilisha, simu ikipotea utanunua nyingine, lakini mboni ni ile ile mpaka kaburini. Aliyekupa shilingi elfu saba alijua atafanya nini na mboni yako kwa miaka ijayo, wewe hukujua. Biashara ambayo mmoja anajua anachonunua, na mwenzake hajui anachouza, si ya haki hata kama pande zote mbili zimetabasamu. Kijana hakukubali. Alishuka kituo kilichofuata, na pengine bado anabishana nami kichwani mwake, kama mimi ninavyobishana naye.

Sasa tuseme wewe ndiye uliyetendewa. Utaanzia wapi? Anzia kwa Kamishna. Malalamiko yanaweza kuwa ya maandishi au hata ya mdomo, na sheria inamtaka ayamalize katika muda wa siku 90. Anaweza kutoza faini, kuamuru taarifa zifutwe, na kuagiza ulipwe fidia. Fidia si ya hasara ya pesa peke yake. Sheria inatambua hata fadhaa na uchungu wa moyo. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu. Wako waliokimbilia mahakamani moja kwa moja wakarudishwa waanze kwa Kamishna, wakawa wamepoteza muda na ada ya wakili.

Ugumu uko katika ushahidi. Simu haina karatasi. Ukipigiwa, andika saa, tarehe na nambari. Ukitumiwa ujumbe, usiufute kwa hasira. Upige picha na uuache ulivyo. Na ukifika mahakamani, Sheria ya Ushahidi inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na hati ya kueleza ulitolewa katika chombo gani na kwa njia gani. Kesi ambazo zingeshinda zimedhoofika kwa sababu mtu alichapisha ujumbe akaupeleka bila ya hati hiyo.

Tena faragha ni upanga unaokata pande mbili. Wapo watu wanaotafuta ushahidi kwa kuvunja faragha ya mwingine: mume anayefungua simu ya mke akiwa amelala, mwajiri anayesoma barua za siri za mfanyakazi. Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki ya mtu utakataliwa, ikiwa kuupokea kutaharibu haki ya kesi au kuidhuru kazi ya mahakama. Katika kesi ya uchaguzi wa urais ya mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilikataa kutazama barua za ndani za Tume ya Uchaguzi kwa sababu walioleta hawakuonyesha kwamba walizipata kwa njia halali. Kwa hiyo usidhani kila ulichokipata kitakusaidia.

Na hapo nitie onyo. Faragha isigeuzwe pazia la wezi. Ofisa wa umma akiulizwa zabuni ilitolewa kwa nani na kwa bei gani, asijibu kwamba hiyo ni faragha ya mkandarasi. Kifungu cha 35 cha Katiba hiyo hiyo kinampa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Tunalinda nyumba ya mtu, hatulindi ghala la umma.

Nawageukia wenye biashara, kwa sababu nasikia manung'uniko yenu. Mnasema sheria hii ni mzigo mwingine juu ya leseni na kodi. Ni kweli ina gharama. Wanaoshika taarifa za watu wanatakiwa kujiandikisha kwa Kamishna. Biashara yenye mapato ya chini ya shilingi milioni tano kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 imesamehewa kujiandikisha, isipokuwa ikiwa katika kazi maalumu kama vile afya, elimu, hoteli au kutangazia watu bidhaa moja kwa moja. Lakini msamaha huo ni wa kujiandikisha tu. Haukusamehe adabu.

Na adabu yenyewe haihitaji mtambo wa bei ghali. Wewe mwenye jumba, bawabu wako ana daftari la wageni langoni. Kila anayeingia huandika jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu, na anayemfuata husoma yote yaliyoandikwa juu yake. Jiulize: nambari ya kitambulisho naihitaji kwa nini? Daftari likijaa huenda wapi? Nimepata kuona njugu zikifungwa kwa kurasa za madaftari kama hayo. Mwenye duka la dawa, ni lazima mteja ataje ugonjwa wake kwa sauti mbele ya foleni? Mwenye hoteli, kamera yako inatazama lango au inatazama meza za watu? Mwenye saluni, yule bibi uliyempiga picha ya nywele ulimwambia utaibandika mtandaoni?

Mteja anayejua kwamba siri yake imekaa salama kwako hurudi. Wahenga wetu waliokuwa wakiweka amana za watu walilijua hilo kabla ya sheria yoyote kuandikwa: uliyewekewa kitu si mwenye kitu, hata kikikaa kwako miaka 20. Hukitumii, hukikopeshi, na mwenyewe akija kukitaka hukimuulizi anakitakia nini. Taarifa za mtu ni amana ya namna hiyo. Aliyeziandika hakuzinunua.

Yule fundi alipeleka malalamiko yake kwa Kamishna. Nilimsindikiza, nami nikaandikisha ushahidi wa ile simu niliyopigiwa, pamoja na saa na nambari. Shauri bado linaendelea, na kwa hiyo sitasema zaidi. Kazi ya sare haijarudi. Sasa anashona mapazia, na mkopo wa simu hataki kuusikia.

Nami Jumapili iliyopita nilisimama katika mkutano wa chama, nikakiri kwamba ni mimi niliyetoa nambari kwa wakala wa bima. Palikuwa kimya kidogo. Kisha mzee mmoja akasema, "Katibu, mimi nilimgombeza mwanangu kwa miezi mitatu nikidhani ni yeye." Nikamwomba radhi, na ikabidi nimwombe radhi na mwanawe. Tuliamua safu ya nambari za vitambulisho ifutwe, kwa kuwa hakuna aliyeweza kueleza iliwekwa kwa kazi gani, na kwamba nambari ya mwanachama haitolewi nje mpaka mwenyewe aulizwe. Daftari sasa limo ndani ya sanduku la chama, na ufunguo anao mweka hazina.